Kuupanda Mgongo wa Franconia Majani Yanapopukutika: Mwongozo kwa Aliyezoea Jua la Ikweta

Lango la Marangu, pale wapanda Kilimanjaro wanapoandikisha majina kabla hawajapiga hatua hata moja, liko juu kuliko kilele cha Mount Lafayette. Kilele hicho, kirefu kupita vyote kwenye mgongo wa Franconia katika jimbo la New Hampshire, Marekani, kina kama mita 1,600 tu. Nairobi yenyewe, yenye mita 1,795, imekipita. Kwa hiyo shemeji yangu aliponialika twende huko, Oktoba yangu ya kwanza Marekani, mimi mtoto wa Moshi nilicheka. Nilivaa jinzi, fulana ya pamba na sweta lenye kofia, nikabeba chupa moja ya maji na pakiti ya biskuti.

Saa sita mchana nilikuwa nimejikunyata nyuma ya jiwe karibu na kilele cha Mount Lincoln, vidole havina nguvu ya kufungua zipu ya begi. Kule chini maegeshoni tuliacha watu wamevaa mikono mifupi. Shemeji alinivisha koti lake la akiba, akanilisha tende kwa mkono wake kama mtoto mchanga, wala hakusema neno. Maneno aliyatoa baadaye, garini, saa mbili mfululizo mpaka tunafika Lowell.

Haya ninayoandika ni yale aliyonisema garini, pamoja na niliyojifunza kwa miguu yangu tangu siku ile. Nawaandikia hasa ndugu zangu waliotapakaa Lowell, Boston, Manchester na Portland, ambao kila mwaka ifikapo Oktoba wanaona picha za milima imegeuka rangi ya machungwa na wanasema, "Na sisi twende."

Mlima mfupi, baridi ndefu

Kwenye Kilimanjaro msitu unakoma karibu na mita 3,000. Kwenye White Mountains, milima ambayo mgongo huu ni sehemu yake, miti inakoma kati ya mita 1,400 na 1,500. Ukishavuka hapo hakuna kitu kati yako na upepo. Uko nyuzi 44 kaskazini ya ikweta, na njia za tufani kadhaa za Amerika ya Kaskazini zinakutana juu ya milima hii. Mount Washington, kilomita kama 30 kwa upande wa mashariki, ulipimwa upepo wa kilomita 372 kwa saa tarehe 12 Aprili 1934, na kwa miongo mingi hiyo ilikuwa rekodi ya dunia.

Joto hupungua takriban nyuzi 6 au 7 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kutoka maegesho ya Lafayette Place hadi kileleni unapanda zaidi ya mita 1,000, kwa hiyo asubuhi ya nyuzi 7 pale chini ina maana ya kugandisha maji pale juu. Halafu ongeza upepo. Nyuzi sifuri zikichanganyika na upepo wa kilomita 50 kwa saa, ngozi yako inahisi nyuzi 8 chini ya sifuri. Na kilomita 50 kwa saa ni upepo wa kawaida kabisa kwenye mgongo ule mwezi wa Oktoba. Watu wanapiga nao picha.

Kuna jambo la pili ambalo sisi wa ikweta hatulioni kwa sababu tumelelewa vibaya na jua. Kwetu jua lina adabu: linachomoza saa kumi na mbili, linazama saa kumi na mbili, Januari hadi Desemba. Mtu unajua siku ina urefu gani bila kuangalia popote. New Hampshire siku inakatwa kipande kila usiku. Mwishoni mwa Septemba jua linazama yapata saa 12 na nusu jioni. Katikati ya Oktoba ni saa 12 na dakika chache. Kisha Jumapili ya kwanza ya Novemba saa zinarudishwa nyuma, na wiki moja baadaye jua linazama kabla ya saa 10 na nusu. Saa kumi na nusu! Kwetu huo ni muda wa watoto kutoka shule. Waokoaji wa kule hawachoki kusimulia watu waliokutwa gizani bila tochi, na hawakupotea: walihesabu saa za msimu wa joto.

Naomba pia usiidharau Novemba kwa kuwa kalenda inasema bado si majira ya baridi. Novemba 2022 mwanafunzi mmoja wa chuo alipoteza maisha kwenye mgongo huu huu. Kule juu theluji haisubiri Desemba.

(Tukiwa hapo, kamusi zetu zinayaita majira haya vuli. Neno si baya, lakini mtu wa Tanga ukimwambia vuli anaandaa jembe na mwavuli. Mimi nasema msimu wa majani kupukutika, kila mtu anaelewa.)

Ramani ya kichwani

Kabla ya yote, iweke njia nzima kichwani, maana simu itazimika siku moja na itachagua siku ya ukungu. Ni mzunguko wa kilomita 14.3. Unaanza Lafayette Place kando ya barabara kuu ya I-93, ndani ya Franconia Notch State Park, hifadhi ya jimbo iliyoko kwenye korongo. Unapanda kwa njia iitwayo Falling Waters Trail, kilomita 5.1, mpaka kilele kidogo cha Little Haystack. Hapo unageuka kushoto, yaani kaskazini, unatembea juu ya mgongo kilomita 2.7 ukipitia Mount Lincoln mpaka Mount Lafayette. Kutoka Lafayette unashuka magharibi kwa Greenleaf Trail kilomita 1.8 hadi kwenye banda la Greenleaf Hut, kisha kwa Old Bridle Path kilomita 4.7 hadi ulipoacha gari. Jumla ya kupanda ni karibu mita 1,200.

Kukadiria muda, wenyeji wana kanuni ya zamani inayofanya kazi vizuri: nusu saa kwa kila maili, na nusu saa nyingine kwa kila futi 1,000 za kupanda. Kwa vipimo vyetu ni saa moja kwa kilomita 3.2, na nusu saa kwa kila mita 300. Mzunguko huu unatoka muda wa saa sita na nusu bila kupumzika. Kwa kundi la wanaopanda mara ya kwanza mimi huandika muda wa saa tisa kwenye karatasi, na mara nyingi tunazimaliza zote. Hesabu sasa: ukianza saa 1 asubuhi katikati ya Oktoba, jua likichomoza, unarudi garini saa 10 jioni na una saa mbili za akiba. Ukianza saa 4 kwa sababu mlimsubiri mtu aliyesema "niko njiani", huna akiba hata kidogo. Anayechelewa aachwe. Nimepoteza rafiki mmoja kwa kanuni hii, na bado naishika.

Kuchagua siku

Rangi za majani pale bondeni hufikia kilele kati ya mwisho wa Septemba na katikati ya Oktoba. Miti ya mepo, ile inayotoa sharubati ya kumiminia chapati za maji, inakuwa nyekundu na ya machungwa. Ile yenye gome jeupe linalobanduka kama karatasi inakuwa ya njano. Shida ni kwamba kila mtu anajua hivyo. Wikendi ya Jumatatu ya pili ya Oktoba, ambayo ni sikukuu, mgongo unafanana na Kariakoo siku ya mkesha wa Idi. Ukiweza kuomba ruhusa kazini, nenda Jumanne au Jumatano.

Utabiri wa hali ya hewa wa mji wa Lincoln au Franconia haukusaidii kitu. Huo ni wa bondeni. Soma utabiri wa vilele unaotolewa kila siku na Mount Washington Observatory. Wanaandika kwa ajili ya vilele virefu vya White Mountains: upepo, joto, mawingu, na saa mabadiliko yanapotarajiwa. Usome usiku wa kuamkia safari, kisha alfajiri tena kabla ya kuwasha gari. Mimi nina mipaka yangu. Wakitaja upepo unaozidi kilomita 65 kwa saa, mgongoni sipandi. Wakitaja mvua pamoja na joto la chini ya nyuzi 5, sipandi pia, na hii naiogopa kuliko theluji, kwa sababu theluji unaikung'uta lakini mvua inaingia mpaka mfupani. Wakisema vilele vitakuwa ndani ya mawingu siku nzima, naenda mahali pengine, maana nimeamka alfajiri kwa ajili ya mandhari na si kwa ajili ya kutazama ukungu.

Mvua ya siku mbili zilizopita nayo ihesabu. Falling Waters inavuka kijito mara kadhaa juu ya mawe, bila daraja, na kijito hicho wamekiita Dry Brook, yaani kijito kikavu. Aliyekiita hivyo alikuwa na utani.

Kinachoingia begini

Nguo ndizo zitakazokuokoa, kwa hiyo hapa nitakuwa mkali. Pamba iache nyumbani: jinzi, fulana ya pamba, soksi za pamba, vyote. Pamba ikinyonya jasho haikauki, na ukifika juu upepo unaigeuza kuwa kitambaa cha barafu kilichokugandamia mgongoni. Ndicho kilichonipata mimi. Ndani vaa nguo nyepesi ya sufi au ya nailoni. Begini weka sweta zito la flisi, jaketi lenye manyoya au pamba bandia ndani, na koti la mvua pamoja na suruali yake. Hivi viwili vya mwisho ni vya kuzuia upepo kuliko mvua, na siku ya jua kali utavihitaji vile vile. Kofia ya sufi inayofunika masikio. Glavu jozi mbili, maana ya kwanza italowa ukishika mawe. Soksi za akiba.

Sio lazima yawe ya bei mbaya. Nusu ya vitu vyangu nilivitoa kwenye maduka ya mitumba ya Massachusetts, ambako watu wanatupa makoti ambayo Memorial au Karume yangegombewa.

Viatu viwe na soli yenye meno na vifunge kifundo. Kuanzia katikati ya Oktoba beba pia vile vyuma vyenye meno vya kuvaa juu ya kiatu, vinavyovutwa kwa mpira. Ni gramu mia chache tu, na asubuhi moja yenye barafu nyembamba juu ya jiwe la itale itakufundisha thamani yake. Fimbo mbili za kutembelea zitayashukuru magoti yako wakati wa kushuka.

Tochi ya kichwani, kila mtu yake, na betri za akiba. Tochi ya simu haihesabiki: simu hiyo hiyo ndiyo ramani na ndiyo njia ya kupiga 911, namba ya dharura, na baridi inanyonya betri yake ukiitazama. Ibebe mfuko wa ndani karibu na mwili. Pakua ramani kabla hujaondoka nyumbani kwa sababu mtandao milimani unakuja na kuondoka, na uchukue ramani ya karatasi.

Maji lita mbili na nusu kwa mtu. Kwenye baridi husikii kiu, kwa hiyo jipe amri ya kunywa. Chakula beba ambacho hakigandi na hakihitaji vidole vyenye akili: chapati iliyoviringishwa na mayai, karanga, tende, mandazi. Vyokoleti vya watu wa huku vinakuwa matofali kwenye baridi. Na chupa ya chai ya tangawizi yenye sukari nyingi. Nimeona Wamarekani wasionijua wakisogea karibu nikifungua kifuniko.

Novemba ongeza fulana ya rangi ya machungwa inayong'aa. Ni msimu wa kuwinda, na hutaki kuonekana mnyama.

Mwisho kabisa, andika karatasi: njia ipi, kwa mwelekeo upi, gari namba gani limeegeshwa wapi, na saa ngapi mtu aanze kuwa na wasiwasi. Mpe mtu atakayekuwa macho na simu yake. "Tunaenda mlimani" kwenye kundi la WhatsApp la familia haitoshi. Mama mkubwa aliyeko Mwanza atakuombea, lakini hawezi kumwambia mwokoaji aanzie bonde lipi. Utafutaji na uokoaji New Hampshire uko chini ya idara ya wanyamapori na uvuvi, Fish and Game. Wao huuza kadi ya hiari iitwayo Hike Safe, dola 25 kwa mtu na 35 kwa familia, kwa mwaka. Sheria ya jimbo inaruhusu aliyeokolewa kwa sababu ya uzembe kudaiwa gharama, na kadi humkinga mwenye nayo na deni hilo la uzembe. Nunua kadi; hata usipoihitaji, fedha zinakwenda kwa watu wanaobeba majeruhi mabegani usiku kucha.

Kufika na kuegesha

Kutoka Lowell ni mwendo wa saa mbili hivi, sehemu kubwa ukiwa I-93 kuelekea kaskazini. Jaza mafuta mjini Lincoln. Ukiingia kwenye korongo barabara inabana na kuwa njia moja kila upande. Punguza mwendo, tafuta kibao cha maegesho ya njia za Lafayette Place. Yanajaa mapema sana wikendi, na kuegesha kando ya barabara kuu ni marufuku: gari linavutwa. Wikendi za msimu kumekuwa na basi dogo la kuwaleta wapandaji kutoka maegesho mengine ya hifadhi. Angalia kwenye ukurasa wa hifadhi kama linafanya kazi siku yako, na pia kama kuna kipande cha njia kilichofungwa kwa matengenezo.

Kupanda kwa maji yaangukayo

Mita kama 300 tangu maegesho njia zinagawanyika. Old Bridle Path inaendelea kushoto. Falling Waters inakata kulia na kuvuka daraja. Chukua kulia. Sababu ya kupanda huku na kushuka kule ni mawe: Falling Waters ni mwinuko mkali wenye mawe laini yaliyolowa, na jiwe lililolowa unalipanda kwa usalama kuliko unavyolishuka.

Msimu huu kuna adui wa ziada, nalo ni lile lile zulia la majani lililokuleta. Majani mabichi juu ya jiwe ni sawa na ganda la ndizi, na chini yake kuna mizizi na mashimo yasiyoonekana. Weka mguu mzima chini, hatua fupi, na gusa kwa fimbo kabla hujahamisha uzito. Penye kijito, kama maji yanapita juu ya mawe ya kukanyagia, geuka. Hakuna aibu, nenda kwa Old Bridle Path badala yake.

Maporomoko ni matatu: Stairs, Swiftwater, halafu Cloudland, ambalo linaanguka takriban mita 24. Hapo pumzika, vua nguo moja. Nisikilize kwenye hili: kutoka Cloudland njia inasimama kama ngazi, na kosa la watu wetu ni kuvaa makoti yote tangu garini kwa hofu ya baridi, wakafika juu wamelowa jasho. Panda ukiwa na baridi kidogo. Ukiona unatokwa jasho, simama, vua. Ni usumbufu, unaudhi wenzako, lakini jasho la saa 4 ndilo baridi ya saa 6.

Juu zaidi miti inabadilika. Majani ya rangi yanabaki chini yako, unaingia kwenye misonobari myeusi inayozidi kuwa mifupi kadiri unavyopanda: ya kukupita, ya kifuani, ya magotini. Ikifika kiunoni, simama hapo hapo. Usitoke nje ya miti kabla ya kuvaa kila kitu: flisi, koti la upepo, kofia, glavu. Kula, kunywa chai. Ukishatoka, kuvaa itakuwa kupigana mieleka na koti linalopepea.

Pale pale pia pana uamuzi. Angalia saa. Sheria yangu kwa Oktoba ni kwamba kama saa 6 mchana imepita na hatujafika Little Haystack, tunarudi tulikotoka. Sikiliza upepo juu ya miti. Mtazame usoni kila mmoja, na uliza swali linalohitaji jibu refu. Anayejibu kwa mkato, anayetetemeka, anayejikwaa pasipo na kitu, au anayesema "niko sawa" kwa ulimi mzito, mwili wake umeanza kupoteza joto, na huyo hapelekwi kwenye upepo. Akiacha kutetemeka bila kupata joto, hali imekuwa mbaya zaidi, si nafuu.

Juu ya mgongo

Kisha unatoka. Little Haystack ni jiwe tupu, na ghafla dunia yote iko chini. Magharibi, ng'ambo ya korongo, ni Cannon Mountain; kwenye ukuta wake wa mawe ndipo ulipokuwa ule uso wa mzee uliojichonga wenyewe kwa mawe, alama ya jimbo zima, mpaka ulipoporomoka tarehe 3 Mei 2003. Bado uko kwenye vibao vya barabara na namba za magari. Mashariki ni Pemigewasset, pori lisilo na barabara, mlima nyuma ya mlima. Kaskazini unaiona njia yako nzima imelala juu ya mgongo kama mkeka mwembamba.

Kushoto, kaskazini. Kwenye ukungu watu hukosea hapa na kwenda kulia, ambako ni Mount Liberty. Mistari ya rangi nyeupe iliyopakwa mawe inakuongoza, kwa kuwa kipande hiki ni sehemu ya Appalachian Trail. Lakini mistari hiyo inaenda pande zote mbili, kwa hiyo dira inahitajika. Marundo ya mawe nayo yanaonyesha njia. Tembea kutoka rundo hadi rundo, na usiondoke kwenye moja kabla hujaliona linalofuata.

Kipande cha Little Haystack hadi Lincoln, kilomita 1.1, ndicho chembamba zaidi. Si ukingo wa kisu. Nafasi ya kupita ipo. Lakini pande zote mbili ardhi inatelemka kwa kasi, na kuna mahali utatumia mikono. Upepo mara nyingi unatoka magharibi na kaskazini magharibi, yaani unakupiga shavu la kushoto. Mikupuo ndiyo hatari kuliko nguvu yake ya wastani: unauegemea, unaacha ghafla, unayumba. Panua miguu, shusha mwili, ngoja upite.

Baki juu ya mawe. Kuta fupi za mawe zilizopangwa pembeni zimewekwa makusudi kulinda majani yaliyojishonea ardhini kama zulia. Yanastahimili upepo na barafu, lakini nyayo za kiatu yanazishindwa, na yanakua polepole mno.

Kati ya Lincoln na Lafayette, kilomita 1.6, njia inashuka kwenye tandiko lenye vichaka vifupi. Ndipo mahali pekee pa kujikinga kidogo mgongo mzima. Kula hapo. Kutoka hapo hadi Lafayette ni mpando wa mwisho, na ni wa mawe matupu.

Sasa jambo ambalo nataka likae kichwani: kati ya Little Haystack na Lafayette hakuna njia ya kushukia. Hakuna. Hali ikiharibika, chaguo ni mbili, kurudi au kuendelea, na unachagua ile iliyo fupi na isiyokupiga upepo usoni. Ukiona taa za magari ya I-93 kule chini zinakuita, usithubutu kukata moja kwa moja. Kati yako nazo kuna magenge na vichaka vilivyosukana hata mtu hapenyi, na anayeingia mle hutafutwa kwa siku.

Kushuka

Kileleni Lafayette utaona msingi wa mawe wa nyumba iliyojengwa hapo karne ya 19. Unakinga upepo vizuri. Picha zipigwe hapo, kisha soma kibao kwa sauti: Greenleaf Trail, magharibi. Njia inayoendelea kaskazini ni Garfield Ridge, nayo itakupeleka porini mbali na gari. Kwenye ukungu kosa hili ni rahisi kuliko unavyodhani, maana mistari myeupe inaendelea kukuita kaskazini.

Kilomita ya kwanza kushuka bado uko wazi kwenye upepo, usivue kitu. Banda la Greenleaf liko karibu mita 1,280, kando ya kidimbwi cha Eagle Lake. Linahudumiwa na Appalachian Mountain Club, na huduma hufungwa kwenye nusu ya kwanza au katikati ya Oktoba. Likiwa wazi kuna maji, choo na supu. Baada ya hapo ni nyumba iliyofungwa, usiweke matumaini. Kutoka bandani chukua Old Bridle Path. Greenleaf Trail nayo inaendelea, ila inatokea kwenye barabara mbali na gari lako.

Jina lake, njia ya zamani ya farasi, linadanganya. Kuna mfululizo wa vinundu na mawe ya kukalia matako ukishuka ambao wenyeji wanauita Agonies, yaani mateso. Ndipo magoti yanapolia na ndipo watu wanapoanguka, wamechoka, jua liko usawa wa macho, mazungumzo yamehamia kwenye nyama choma. Washa tochi kabla giza halijakamilika, si baada.

Kama asubuhi ulikuwa na wasiwasi na utabiri, tumia njia hii hii kwenda na kurudi: panda Old Bridle Path mpaka bandani, utazame mgongo wote ukiwa umesimama mbele yako, ule, urudi. Kilomita 9.4. Kwa wazee na kwa wageni waliofika Marekani majuzi, mimi huwapeleka hivi, na picha zao ni nzuri kuliko za wengi waliofika juu, kwa sababu mgongo wenyewe umo ndani ya picha.

Ukifika garini, kabla hujavua viatu, mpigie yule uliyemwachia karatasi. Kisha endesha polepole mpaka Lincoln: jioni za msimu huu moose hutoka barabarani, mnyama wa jamii ya kulungu aliye mrefu kama farasi, mweusi, na kwa urefu wake taa za gari lako humwangazia miguu tu.